Yai Bichi Chini ya Miguu Yetu

Kijana anayeuza mayai ya kuchemsha karibu na kivuko cha Likoni alinionyesha jambo jioni moja, nikiwa nasubiri feri, ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Siku hiyo kwao nyumbani walikuwa wamemchanganyia trei mbili, ya mayai mabichi na ya yaliyochemshwa, na yeye, badala ya kupasua hata moja, alikuwa akiyazungusha moja baada ya jingine juu ya kifuniko cha ndoo yake. Yaliyoiva yalizunguka kwa kasi na utulivu kama pia. Mabichi yalijikokota, yakayumba, yakachoka mapema. Alipoona namtazama, alichukua yai bichi akalizungusha tena, akaligusa kwa ncha ya kidole mpaka likasimama, kisha akaondoa kidole upesi. Na yai lile, ambalo lilikuwa limekwisha kusimama, likaanza kuzunguka upya bila kusukumwa.

"Umeona, Mwalimu? Nje nimelizuia, ndani bado laenda."

Nimefundisha jiografia na fizikia katika shule za upili za mji huu kwa zaidi ya miaka 20, na kila mwaka nimechora ubaoni duara lile lile: ganda jembamba, chini yake joho la mwamba linaloshuka hadi kina cha kilomita 2,890 hivi, kisha kiini cha nje cha chuma kilichoyeyuka, na katikati kiini cha ndani kilicho kigumu, chenye nusukipenyo cha kilomita 1,220 hivi. Wanafunzi hodari huuliza ni nani aliyefika huko akaona. Jibu langu lilikuwa daima kwamba mawimbi ya matetemeko ya ardhi hupita ndani ya dunia na kutuletea habari. Jibu hilo ni sahihi, lakini lilinifanya nimsahau shahidi wa pili, ambaye hahitaji kusubiri tetemeko lolote ili aseme. Shahidi huyo ni mzunguko wenyewe. Dunia inazunguka kila siku kama yai juu ya kifuniko cha ndoo, na inayumba, na namna inavyoyumba hutegemea kilichomo ndani yake.

Kuchimba hakujatufikisha mbali. Shimo refu kuliko yote ambayo binadamu ameyachimba kwa ajili ya utafiti, lile la rasi ya Kola huko Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989, katika sayari ambayo kutoka juu hadi kitovuni ni kilomita 6,371. Kwa kipimo cha yai hatujatoboa hata ganda. Mtu wa Pwani anaweza kudhani kwamba ingetosha kuitikisa dunia kama tutikisavyo nazi sokoni, lakini nazi iliyokomaa husikika maji yake kwa sababu ndani yake pana nafasi ya hewa, ilhali dafu lililojaa halitoi sauti yoyote ingawa ndilo lenye maji mengi. Dunia ni dafu lililojaa. Kuizungusha ndiko kunakofichua kwamba ndani mna kitu kinachotiririka, na kwa bahati njema kazi ya kuizungusha tumefanyiwa.

Kabla sijaendelea ni lazima nitenganishe miyumbo miwili ambayo watu wengi huichanganya, na ambayo mimi mwenyewe niliichanganya darasani kwa miaka kadhaa. Wa kwanza ni ule wa mhimili kubadili mwelekeo wake angani. Dunia si duara kamili. Imevimba kiunoni, kiasi kwamba kipenyo chake cha ikweta kinakipita kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita 43 hivi. Mwezi na jua huuvuta uvimbe huo kwa upande, na mhimili, kama wa pia iliyoanza kuinama, huchora duara kubwa angani kwa muda wa miaka ipatayo 26,000. Sisi tulioko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta tunaishi karibu na kilele cha uvimbe huo, kwa hiyo ni haki kusema kwamba Mombasa ni sehemu ya kishikio ambacho mwezi hukitumia kuupinda mhimili wa dunia. Juu ya duara hilo kubwa kuna vijitikisiko vidogo, na mkubwa wao, ambao Mwingereza James Bradley aliugundua katika karne ya 18, hujirudia kila miaka 18.6.

Muyumbo wa pili ni tofauti kabisa. Hapa mhimili hauhami angani. Mwili wa dunia ndio unaosogea kuhusiana na mhimili. Zungusha sinia sakafuni, na utaona kwamba lisipoanza sawasawa huwa lina namna ya kubembea linapozunguka, hata kama hakuna anayeligusa. Vivyo hivyo, mahali ambapo mhimili hutokeza juu ya barafu ya kaskazini hapatulii. Panatembea katika duara la mita kadhaa. Kwa sababu latitudo hupimwa kutoka kwenye mhimili, latitudo ya kila mji hupanda na kushuka pamoja nao. Ngome ya Yesu imesimama juu ya mwamba wake tangu miaka ya 1590, na bado umbali wake kutoka ikweta haujawahi kutulia kwa mwaka mzima.

Mwanahisabati Leonhard Euler alitabiri muyumbo huu wa pili mwaka 1765. Alidhani dunia ni kitu kigumu kote, na kutokana na umbo lake hesabu ilitoa mzunguko wa siku 305 hivi. Kwa zaidi ya karne moja wanaastronomia waliutafuta muyumbo wa siku 305 na hawakuupata. Kisha Mjerumani Friedrich Küstner, aliyekuwa akipima nyota mjini Berlin katika miaka ya 1884 na 1885 kwa shabaha nyingine kabisa, aligundua kwamba latitudo ya chombo chake ilikuwa ikibadilika. Ili kuthibitisha kwamba kosa si la chombo, watu walitumwa Honolulu, upande wa pili wa dunia, wapime wakati mmoja na wenzao wa Berlin. Na latitudo ya Berlin ilipopanda, ya Honolulu ilishuka kwa kiasi kile kile. Dunia yote ilikuwa ikiinama.

Aliyeupata mwendo wenyewe ni mtu ambaye kazi yake ya mshahara ilikuwa kupiga hesabu za bima. Seth Carlo Chandler wa Massachusetts, Marekani, alitangaza mwaka 1891 kwamba muyumbo upo, ila haumaliziki kwa siku 305. Ulichukua takriban miezi 14. Nadhani ilisaidia kwamba hakuwa na uchungu wa kumtetea Euler. Aliziangalia tarakimu kama karani wa bima anavyoangalia vifo na umri, akaandika alichokiona. Leo tunasema ni siku 433 hivi, na muyumbo huo una jina lake.

Siku hizo 128 zilizozidi ndizo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika habari hii, kwa sababu zinaweza kugawanywa kama deni, na kila fungu lina mdaiwa wake. Mwamerika Simon Newcomb alieleza karibu mara moja kwamba dunia si ngumu kama Euler alivyodhani. Joho lake la mwamba hunyumbuka kidogo, na kunyumbuka huko huupunguzia kasi muyumbo. Hesabu kamili ilikuja baadaye. Ukianza na dunia ngumu yenye siku 305, kisha ukakifanya kiini chake kuwa cha kimiminika, muda hauongezeki bali hupungua hadi siku 270 hivi, kwa kuwa kiini kinakataa kuyumba pamoja na joho na kuliacha joho peke yake na mzigo mwepesi zaidi. Ukiliruhusu joho linyumbuke kama chuma cha springi, muda hupanda ukakaribia siku 400. Bahari, ambayo nayo husogea kuufuata mhimili unaohama, huongeza siku 30 hivi. Zinabaki kama siku 8, na hizo hutokana na joho kutokuwa springi kamili: mwamba wake wa moto hukawia kurudi unapobonyezwa. Kwa hiyo katika tarakimu moja, 433, umeandikwa ugumu wa mwamba ulio chini yetu, mnato wake, uzito wa bahari, na ukaidi wa kiini. Karani wa bima hakujua kwamba alikuwa anafungua daftari la namna hiyo.

Kuna duara jingine ndani ya muyumbo huu ambalo mtu wa Mombasa hahitaji kufunzwa chanzo chake. Kila mwaka, wakati wa baridi ya kaskazini, hewa nzito hujilundika juu ya Siberia na Mongolia, na kutoka huko upepo humiminika kuelekea kusini mpaka unatufikia ukiitwa kaskazi. Ni upepo huo uliosukuma majahazi kutoka Arabuni na Ghuba hadi Bandari ya Kale kwa karne nyingi, na ni kusi iliyoyarudisha. Manahodha waliujua kwa tanga. Jambo ambalo hawakuwa na njia ya kulijua ni kwamba lundo lile la hewa lina uzito wa kutosha kuisukuma ncha ya dunia. Likijilundika na kutawanyika kila mwaka, huifanya ncha izunguke katika duara la pili, lenye nusukipenyo cha mita 3 hivi, linalotimia kwa siku 365. Duara hili na lile la Chandler hukutana na kuachana, yakisaidiana miaka kadhaa na kupingana miaka mingine, hivyo njia ya ncha hupanuka na kusinyaa kama kamba inayokunjwa na kukunjuliwa, kwa zamu ya miaka 6 na kidogo.

Muyumbo wa Chandler wenyewe ungepaswa kufa. Mnato wa joho na msuguano wa bahari hula nguvu zake, na ungeachwa bila kusukumwa ungefifia katika miongo michache tu. Kwa muda mrefu swali la nani anayeusukuma lilikuwa kama kitendawili kisicho na mteguaji; wengine walisema matetemeko, wengine kiini. Mwaka 2000 Richard Gross, mtafiti wa NASA, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya msukumo hutoka kwenye mabadiliko ya shinikizo la maji juu ya sakafu ya bahari, na sehemu iliyobaki kwenye hewa. Nikiri kwamba nilipolisoma hilo nilivunjika moyo kidogo. Nilitaka kiini kiwe ndicho mchezaji. Lakini mpiga ngoma na ngoma ni vitu viwili: bahari hupiga, na sauti inayotoka, yaani zile siku 433, ni ya ngozi na mzinga wa ngoma.

Ushahidi wa moja kwa moja wa kiini ulijitokeza mahali ambapo hapakutarajiwa, na ulipojitokeza ulidhaniwa ni kosa. Baada ya ugunduzi wa Chandler, mataifa yalianzisha mwaka 1899 huduma ya pamoja ya kupima latitudo, yenye vituo 6 vilivyopangwa karibu juu ya mstari mmoja wa nyuzi 39 na dakika 8 kaskazini: Mizusawa huko Japani, Tschardjui katika Asia ya Kati, Carloforte nchini Italia, na vitatu vya Marekani, Gaithersburg, Cincinnati na Ukiah. Kwa kuwa vyote vilikuwa kwenye mstari mmoja, vilitazama nyota zile zile, na kosa la orodha ya nyota lisingeweza kukipendelea kituo kimoja. Matokeo ya Mizusawa hayakulingana vizuri na ya wenzake, na lawama za kwanza zilielekezwa kwa kituo chenyewe. Mkuu wake, Kimura Hisashi, alikagua kila kitu bila kupata kasoro, kisha akazitazama hesabu za vituo vyote kwa pamoja. Mwaka 1902 alionyesha kwamba kuna badiliko moja la kila mwaka linaloonekana katika vituo vyote kwa wakati mmoja na kwa upande mmoja, ambalo haliwezi kuwa la ncha kuhama, kwa sababu ncha ikihama kituo kimoja hupata na cha upande wa pili hupoteza. Aliliweka katika mlinganyo kwa herufi z, na tofauti za vituo zikatulia.

Herufi hiyo ilikaa bila maelezo ya kuridhisha kwa karibu miaka 70. Mwaka 1970, Wako Yasujiro, naye wa Mizusawa, alionyesha chanzo chake kikubwa: majedwali yaliyotumika kusahihisha vitikisiko vya mhimili angani yalikuwa yametungwa kwa dunia ngumu, na dunia si ngumu. Kiini chake cha kimiminika hubadilisha ukubwa wa kitikisiko cha nusu mwaka, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ikijipenyeza katika latitudo za vituo vyote. Watu wale walikuwa wamekipima kiini cha dunia kwa miongo saba, usiku baada ya usiku, wakidhani wanapambana na hitilafu.

Wazo la kumkamata yai bichi kwa njia hii lilikuwa la zamani. Kati ya mwaka 1839 na 1842 William Hopkins wa Cambridge alijaribu kukadiria unene wa ganda la dunia kwa kutumia ule mzunguko mkubwa wa miaka 26,000, akafikia kwamba haupungui maili 800. Njia ilikuwa nzuri, lakini mwendo aliouchagua ni wa polepole mno. Yai bichi likigeuzwa taratibu kabisa, ute hufuata ganda lake bila ubishi. Ni likishtuliwa ndipo ute unapobaki nyuma. Kwa miaka 26,000 kiini kina muda wa kutosha kulifuata joho. Dawa ni kutafuta vitikisiko vya haraka, hasa vile vinavyokaribia mdundo wa kiini chenyewe.

Kiini kina mdundo wake kwa sababu nacho kimevimba kiunoni kama dunia. Kikizunguka kwa mhimili ulioinama kidogo kutoka kwa ule wa joho, uvimbe wake husukuma kuta za joho, joho husukuma nyuma, na viwili hivyo huanza kubembea, kila kimoja kikimrekebisha mwenzake. Wanahisabati akina Poincaré, Jeffreys na Molodensky walifanya hesabu za mbembeo huo katika karne ya 20. Ukitazamwa kutoka angani, unapaswa kuchukua siku 460 hivi, iwapo kiini kina umbo lile ambalo mzunguko na mvutano peke yake vingekipa.

Anayesukuma bembea za sikukuu ya Idi anajua kwamba si nguvu inayoipandisha bembea bali ni wakati. Jua huusukuma mhimili wetu kwa msukumo mmoja mdogo unaojirudia kila mwaka kwa mwelekeo ule ule wa mbembeo wa kiini, na siku 365 ziko karibu kiasi na mdundo wa kiini hivi kwamba kitikisiko hicho kidogo hukuzwa. Kadiri kinavyokuzwa, ndivyo tunavyojua mdundo wenyewe ulipo. Kupima ukuzaji huo kulihitaji chombo kisicho cha macho. Darubini za redio zilizotawanyika mabarani huelekezwa kwa pamoja kwenye kwasa, vitu vya mbali mno hivi kwamba havionekani kusogea, na tofauti ya wakati ambao mawimbi yale yale hufika kila darubini hueleza dunia imekaaje angani. Barani Afrika kazi hiyo hufanywa na darubini ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini. Kwa ule muyumbo wa ncha hutumiwa pia vipokezi vya satelaiti, na kimojawapo kimekuwa hapa kwetu, katika kituo cha anga kilicho karibu na Malindi, ambacho wakazi wengi wa Pwani wanakijua kwa jina la San Marco. Nimepita njia ya kwenda huko mara nyingi nikiwaza roketi. Sikujua kwamba panapimwa pia kuyumba kwa ardhi niliyokuwa nikiipitia.

Mwaka 1986 Carl Gwinn, Thomas Herring na Irwin Shapiro walichapisha walichokipata kwa darubini hizo. Kitikisiko cha mwaka kilipishana na hesabu kwa sehemu 2 hivi za elfu za sekunde moja ya pembe, ambazo juu ya uso wa dunia ni kama sentimita 6. Ili kulipa deni hilo dogo, mdundo wa kiini ulipaswa kuwa siku 430, si 460. Na ili mdundo uwe siku 430, kiuno cha kiini kilipaswa kuwa kimevimba kuliko nadharia ilivyoruhusu, kwa takriban nusu kilomita. Nalirudia kwa sababu mimi mwenyewe nililisoma mara mbili. Kutokana na sentimita 6 za mhimili kuyumba, walipima nusu kilomita ya umbo la ukuta ulio kilomita 2,890 chini ya miguu yao. Na ukuta huo haukuvimba bure: joho la juu yake husogea polepole, sehemu za moto zikipanda na za baridi zikizama, na uzito usio sawa wa mwendo huo huuvuta mpaka wa kiini ukatoka katika umbo lake la utulivu.

Waliofuata walienda mbali zaidi. Kitikisiko kikichelewa kidogo nyuma ya msukumo wa mwezi au wa jua, kuchelewa huko ni alama ya msuguano, na msuguano kati ya chuma kinachotiririka na mwamba hautoshi kueleza kiasi kilichopimwa, kwa sababu chuma hicho hutiririka kwa wepesi unaokaribia ule wa maji. Kinachoshika ni usumaku. Mistari ya uga wa sumaku hupita kwenye mpaka kama nyuzi zinazoshona ute na ganda pamoja. Mwaka 2010 Bruce Buffett wa Berkeley alitumia vitikisiko hivi kukadiria nguvu ya sumaku ndani kabisa ya kiini, mahali ambapo hakuna dira itakayofika, akapata gausi 25 hivi, kama mara 50 ya ile inayoielekeza dira juu ya uso wa dunia.

Hila ya kidole, ile ya yai lililosimamishwa, nayo ina mwenzake. Urefu wa siku haubadiliki kwa sababu moja. Mwezi huurefusha kwa kuvuta bahari, polepole sana. Pepo za majira huubadilisha kwa sehemu ya milisekunde, na katika miaka ya El Niño, ambayo sisi huikumbuka kwa mafuriko, pepo hubeba mwendo mwingi zaidi na ardhi hupunguza kasi. Lakini kuna mabadiliko ya milisekunde kadhaa yanayochukua miongo, ambayo upepo hauwezi kuyalipa. Mwaka 1988 watafiti watatu wa Ufaransa, Jault, Gire na Le Mouël, walitumia mabadiliko ya uga wa sumaku kukisia chuma cha kiini kinatiririkaje, wakaona kwamba kiini kinapopata mwendo joho huupoteza, na joho linapoupata kiini huupoteza. Nje na ndani vinakopeshana.

Mikopo hiyo imeanza kutugusa hata katika saa zetu. Tangu mwaka 1972 sekunde 27 zimeongezwa katika saa za dunia ili zisiitangulie ardhi inayozunguka. Ya mwisho iliongezwa kwetu kabla tu ya saa tisa usiku kuamkia tarehe 1 Januari 2017, Mombasa ikiwa bado na fataki za mwaka mpya masikioni. Haijahitajika nyingine, kwa sababu dunia imeongeza kasi. Mtafiti Duncan Agnew alieleza mwaka 2024 kwamba kiini kinapunguza mwendo na hivyo joho linaharakishwa, huku barafu inayoyeyuka Greenland na Antaktika na kusambaa kuelekea ikweta ikivuta upande wa pili. Bila barafu hiyo, sekunde ya kwanza ya kuondolewa ingehitajika mapema zaidi.

Ncha pia huhama moja kwa moja, kando ya kuzunguka kwake, na katika karne ya 20 ilihama kwa karibu sentimita 10 kila mwaka. Uchunguzi ulioongozwa na Surendra Adhikari mwaka 2018 uligawa sababu katika mafungu matatu yanayokaribiana: barafu ya Greenland, ardhi ya kaskazini inayoendelea kuinuka baada ya mzigo wa barafu ya kale kuondoka, na mwendo wa joho lenyewe. Kuhusu matetemeko, Jumapili ile ya tarehe 26 Desemba 2004, watu walipofukuzwa kwenye fukwe zetu na mtu mmoja akapoteza maisha katika pwani ya Kenya, mwamba uliopasuka Sumatra ulihamisha uzito kiasi kwamba, kwa hesabu za Gross, mhimili ambao uzito wa dunia umelingana kuuzunguka ulisogea kama sentimita 7 na siku ikapungua kwa mikrosekunde 6.8. Ni hesabu, si kipimo; kitu kidogo hivyo hupotea ndani ya kelele za upepo na bahari.

Nilirudi Likoni wiki mbili baadaye, nikiwa na mambo haya yote kichwani, na kwa kuwa yeye ndiye aliyenianzishia, nilimweleza kijana yule kadiri nilivyoweza kati ya feri moja na nyingine. Alisikiliza huku akimkatia mteja kachumbari, kisha akauliza swali ambalo kwa miaka yote ile hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza kwa uwazi kiasi hicho.

"Sasa Mwalimu, hili la dunia, ni bichi au limeiva?"

Nilimwambia kwamba yai la jikoni huiva kuanzia nje kwenda ndani, ila hili lina mpango wake. Nje ni gumu, mpaka chini kabisa ya joho. Kisha kuna ute mbichi wa chuma, unene wake kilomita zaidi ya 2,200. Na katikati kabisa, ambako joto linakaribia lile la uso wa jua, kiini kimekuwa kigumu tena, kwa sababu mgandamizo wa huko haukiachi kiyeyuke. Alilipokea yai lililokuwa mkononi mwa mteja, akalizungusha juu ya kifuniko, likaenda sawasawa, akalirudisha.

"Basi la namna hiyo, Mwalimu, singeliuza. Mteja angelirudisha."

Feri ikapiga honi, tukaanza kuteremka.